Sir William Mackinnon: Tajiri wa Meli Aliyetaka Njia Ipite Ruzizi

Wengi wetu hapa Gasorwe tulivuka Ruzizi au Ziwa Tanganyika kabla ya kufika Muyinga. Ng'ambo ile tulikuwa raia, ng'ambo hii tukawa wakimbizi. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale, lakini karatasi zinasema hapa ni nchi nyingine. Nani aliamua hivyo? Ukiuliza swali hilo kwenye foleni ya chakula, utajibiwa "wazungu", na mazungumzo yanaishia hapo.

Lakini wazungu hao walikuwa na majina. Walikuwa na biashara zao, hofu zao na madeni yao. Waligombana wao kwa wao, na mipango yao mingine ilikufa kabla ya kuzaliwa. Makala hii inamhusu mmoja ambaye jina lake halisikiki sana huku kwetu: Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Uskoti. Kuna wakati alipewa kwa karatasi haki ya njia kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika mpaka Ziwa Edward. Kama mpango ule ungesimama, huenda watoto wa bonde la Ruzizi wangesoma shule kwa Kiingereza leo.

Nimeandika habari zake kwa sababu nyingine pia. Mackinnon alijiona mtu wa kusaidia, na watu wa wakati wake walimsifu hivyo. Sisi tunaoishi kwa misaada, na ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika, tuna la kujifunza katika maisha ya mtu kama huyo.

Karani wa duka anakuwa mwenye meli

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1823 huko Campbeltown, mji mdogo wa bandari magharibi mwa Uskoti. Hakuzaliwa tajiri. Alianza na kazi ya duka la vyakula nyumbani kwao, kisha akaenda Glasgow kufanya kazi kwa wafanyabiashara. Mwaka 1847 akapanda meli kwenda India. Huko alimkuta Robert Mackenzie, mtu wa nyumbani kwao aliyekuwa tayari anafanya biashara, wakaungana. Kampuni yao ikaitwa Mackinnon Mackenzie, yenye makao Calcutta.

Mwaka 1856 walianzisha kampuni ya meli za moshi kati ya Calcutta na Burma. Mwaka 1862 ikabadilishwa jina ikawa British India Steam Navigation Company. Wazee wa pwani walioishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam waliijua kwa herufi mbili tu, BI. Meli zake ziliendelea kupita bandari hizo kwa karibu miaka 100.

Sasa hebu tuangalie utajiri huo ulikujaje, maana hapo ndipo penye siri. Meli ya moshi inakula makaa mengi. Ikisafiri bila mzigo, mwenye meli anapata hasara. Mackinnon alitafuta mikataba ya serikali ya kubeba barua. Serikali inalipa kila mwaka ili meli iondoke kwa tarehe iliyopangwa, iwe imejaa au haina kitu. Kwa hiyo barua za serikali zinalipia makaa, na mizigo na abiria wanaleta faida. Alibeba pia askari wa serikali wakati wa vita. Tangu ujana wake alizoea kazi ya namna hiyo: biashara ya mtu binafsi inayosimama juu ya fedha za umma. Tukumbuke jambo hili, litarudi mbele.

Mwaka 1872 BI ilianza kuleta meli ya barua Zanzibar kila mwezi. Kabla ya hapo, barua ya kwenda Ulaya ilingoja bahati au pepo za kaskazi na kusi. Sasa mfanyabiashara wa Zanzibar aliweza kujua siku ambayo jibu lake lingefika. Hiyo ilikuwa faida ya kweli, hatuwezi kuikana.

Barghash anafungua mlango

Wakati huo Sultani wa Zanzibar alikuwa Sayyid Barghash. Bendera yake ilikuwa pwani yote, na jina lake lilijulikana mpaka Ujiji na Manyema, ingawa huko bara nguvu yake ilikuwa ya wafanyabiashara zaidi kuliko ya askari. Mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha kufunga soko la watumwa. Mapato yakapungua, na Wazungu wengine wakaanza kuitamani pwani yake.

Mwaka 1877 kukawa na mazungumzo makubwa. Mackinnon na wenzake wangekodishwa bara yote ya Sultani kwa miaka 70: ushuru, bandari, sheria, hata haki ya kujenga barabara na reli kuelekea maziwa. Yaani mtu mmoja mwenye meli angekuwa kama serikali ya Afrika Mashariki. Mpango ulivunjika mwaka uliofuata, maana serikali ya London haikutaka kuubeba. Mackinnon na rafiki yake Fowell Buxton, mtu wa ukoo uliopigania kukomesha utumwa, walikuwa wameanza kujenga barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilikwenda zaidi ya kilomita 100, kisha mwaka 1881 wakaiacha porini.

Miaka michache baadaye Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na maeneo ya jirani akikusanya misalaba ya machifu kwenye karatasi, na mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani akazitambua karatasi hizo. London ikashtuka. Mwaka 1886 Ujerumani na Uingereza zikachora mstari kutoka mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro mpaka Ziwa Viktoria. Kusini ya Wajerumani, kaskazini ya Waingereza. Sasa Waingereza walihitaji mtu wa kushika upande wao bila kuitia hazina ya serikali gharama. Mtu huyo alikuwa tayari kabisa.

Mei 1887 Barghash alimpa Mackinnon na wenzake mkataba wa miaka 50 juu ya pwani ya kaskazini. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria akatoa hati ya kifalme, na Imperial British East Africa Company ikazaliwa. Kampuni ilipewa haki ya kuweka ushuru, kuwa na askari, kutoa hukumu na kupandisha bendera. Mtaji wa kuanzia ulikuwa pauni 250,000, na Mackinnon akawa mwenyekiti. Mwaka 1889 alipewa cheo cha baroneti, ndiyo maana anaitwa "Sir". Cheo hicho kinarithiwa na mtoto wa kiume, lakini hakimpi mtu kiti katika Baraza la Malodi.

Siku ya Rabai

Kampuni ilipofika Mombasa Oktoba 1888 ilikuta moto karibu kuwaka. Watumwa wengi waliokimbia mashamba ya pwani walikuwa wamejificha kwenye vituo vya misioni, hasa Rabai. Wenye watumwa walitaka watu wao warudishwe. Wamisionari walikataa. Watu walikuwa tayari kushika silaha.

George Mackenzie, mkuu wa Kampuni Mombasa, aliamua kulipa. Kila mtumwa aliyekimbia alihesabiwa, mwenye mtumwa akapewa fedha, na mtumwa akapewa karatasi ya uhuru. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, zaidi ya watu 1,400 walipata karatasi hizo.

Sisi tunaojua maana ya karatasi tunaweza kufikiria siku ile. Jana mtu alikuwa mkimbizi ndani ya nchi yake, anaogopa kila sauti ya mbwa usiku. Leo ana jina lake limeandikwa. Mwenye kusema kwamba Mackinnon hakufanya jema lolote, aikumbuke Rabai. Lakini tuangalie pia aliyelipwa ni nani. Fedha zilikwenda kwa aliyemiliki mtu. Aliyelimishwa miaka kwa miaka bila mshahara hakupewa fidia ya jasho lake. Na utumwa wenyewe haukufutwa pwani ile siku ile. Ulifutwa kwa sheria mwaka 1907, miaka 18 baadaye. Kampuni ilizima moto wa mlango wake, shamba lenyewe likaendelea kulimwa vile vile.

Rafiki wa Leopold

Sasa tuje upande wetu wa Kongo. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipoanza mipango yake ya Kongo, alizungumza maneno matamu ya sayansi, dini na kukomesha utumwa. Mackinnon alikuwa miongoni mwa waliomwamini. Mwaka 1878 alichangia fedha katika kamati ya Leopold iliyomtuma Henry Morton Stanley kwenye mto Kongo. Urafiki wao ulidumu miaka mingi.

Mwaka 1887 Mackinnon aliongoza kamati ya London iliyomtuma Stanley kwenda kumwokoa Emin Pasha. Emin alikuwa Mjerumani aliyetumikia serikali ya Misri kama gavana wa jimbo la kusini ya Sudan, amefungiwa huko na vita vya Mahdi. Stanley alichukua zaidi ya wapagazi na askari 600 Zanzibar, akawapakia kwenye meli ya BI iitwayo Madura, akazunguka Afrika ya kusini mpaka mdomo wa mto Kongo. Ndani ya meli ile alikuwemo pia Tippu Tip, tajiri wa Kiswahili aliyetawala Manyema, ambaye Leopold alimfanya gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo.

Msafara ulipanda mto, ukaingia msitu wa Ituri. Njaa, mishale, vidonda na ugonjwa viliwaua watu kwa mamia. Wengi wa wale waliotoka Zanzibar hawakurudi. Desemba 1889 Stanley alifika Bagamoyo na Emin, ambaye kusema kweli hakuwa na hamu sana ya kuokolewa. Magazeti ya Ulaya yaliandika sana habari za Stanley. Majina ya wapagazi hayakuandikwa humo.

Huo ulikuwa msafara wa msaada. Lakini kila mtu aliyeutolea fedha alikuwa na jambo lake pembeni. Leopold alitaka nchi zaidi kuelekea mto Nili. Mackinnon alitaka pembe za ndovu za Emin na njia ya kuunganisha pwani yake na maziwa.

Ukanda wa karatasi

Mei 1890 Mackinnon na Leopold waliandikiana mkataba. Kampuni ilikubali madai ya Leopold juu ya sehemu za Nili ya juu. Leopold naye aliipa Kampuni haki ya ukanda wa ardhi kutoka Ziwa Edward mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Wakati huo kulikuwa na ndoto ya njia moja ya Waingereza kutoka Cairo mpaka Afrika Kusini, na ukanda huu ungekuwa kiungo chake cha katikati.

Weka ramani ya leo mbele yako, kisha weka kidole Uvira au Bujumbura, kipande kaskazini. Utapita bonde la Ruzizi, utapita pande za Ziwa Kivu, utafika Ziwa Edward. Katika bonde lile watu walikuwa wakilima, wakichunga, wakivua na kuoana ng'ambo zote mbili. Burundi ilikuwa na mwami wake, Mwezi Gisabo, ambaye hakuna mgeni aliyekuwa amemshinda bado. Hakuna aliyemwuliza. Mkataba uliandikwa na mtu mwenye meli na mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo.

Ukanda ule haukudumu hata miezi miwili. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilisaini mapatano makubwa. Uingereza ilipata Zanzibar na kutambuliwa Uganda. Ujerumani ilipewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya kaskazini ya Ulaya. Wajerumani walisema wazi kwamba hawataki Mwingereza akae kati yao na Kongo, na waziri mkuu Salisbury hakuona sababu ya kugombana kwa ajili ya njia ya Mackinnon. Burundi na Rwanda zikahesabiwa upande wa Wajerumani, miaka kadhaa kabla ya Mjerumani kujenga kituo chake cha Usumbura mwaka 1897.

Wazo lilifufuka mara moja. Mei 1894 serikali ya Uingereza na Leopold walikubaliana ukanda wa upana wa kilomita 25, kutoka Tanganyika mpaka Ziwa Edward, ukodishwe kwa Waingereza. Ujerumani ikapinga tena, na Juni mwaka ule ule kifungu hicho kikafutwa.

Baada ya hapo Wajerumani na watu wa Leopold waligombania Kivu kwa miaka mingi. Mwaka 1903 Mwezi Gisabo alilazimishwa kukubali mkataba wa Kiganda. Mwaka 1910, kwenye mkutano wa Brussels, wakubwa wa Ulaya wakamaliza ugomvi wao: mpaka ufuate mto Ruzizi na kukata Ziwa Kivu, na kisiwa cha Idjwi kiwe cha Kongo. Mwaka 1912 Wajerumani wakaanzisha Gitega kuwa makao yao. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaja, wakashika pande zote mbili, lakini mstari wa Ruzizi wakauacha pale pale.

Ndiyo maana nasema habari za Mackinnon ni zetu pia. Mstari unaotutenga leo ulibaki baada ya mistari mingine kujaribiwa na kufutwa. Ungeweza kupita kwingine. Lakini mahali popote ambapo ungepita, wenyeji wasingeitwa mezani.

Fedha zinapoisha

Wakati huo huo Kampuni ilikuwa imemtuma Kapteni Frederick Lugard Buganda. Alifika Mengo Desemba 1890, na siku moja baada ya Krismasi Kabaka Mwanga akasaini mkataba wa kulindwa na Kampuni, bila kuupenda. Buganda wakati ule ilikuwa imegawanyika: Waprotestanti, Wakatoliki, Waislamu, kila kundi na bunduki zake. Januari 1892 vita vikazuka Mengo kati ya Waprotestanti na Wakatoliki. Lugard aliwapa bunduki Waprotestanti, na bunduki yake ya Maxim ikaamua mambo. Wakatoliki wakakimbilia visiwani na Buddu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Jambo la kushangaza ni hili: vita vile vilipopiganwa, wakubwa wa Kampuni London walikuwa wameshaamua, tangu 1891, kuiacha Uganda. Kwa nini? Fedha zilikuwa zinaisha. Kila mzigo ulibebwa kichwani kutoka Mombasa, miezi mitatu au zaidi ya kutembea, na gharama ilimeza faida yote. Ushuru wa pwani haukutosha. Barabara iliyoanzwa mwaka 1890, ambayo jina la Mackinnon Road limebaki kwenye mji mdogo kati ya Mombasa na Voi, haikuweza kufanya kazi ya reli. Mackinnon aliiomba serikali isaidie kujenga reli. Serikali iliyozoea kumlipa kwa barua za Bahari ya Hindi sasa ilisitasita. Bunge lilikubali kulipia upimaji wa njia tu.

Wafuasi wa misioni Uingereza walichangishana maelfu ya pauni ili Kampuni ibaki Uganda mpaka mwisho wa 1892. Ndugu zangu, mnaona? Hata wakati ule kulikuwa na harambee ya kuongeza muda wa mradi. Muda ukaongezwa, kisha ukaisha. Tarehe 1 Aprili 1893 Sir Gerald Portal aliteremsha bendera ya Kampuni na kupandisha ya Uingereza.

Sir William Mackinnon alikufa London tarehe 22 Juni 1893, akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa Clachan, kijijini karibu na nyumba yake kubwa huko Uskoti. Hakuacha mtoto, kwa hiyo ubaroneti wake ukafa pamoja naye. Wenye hisa wa Kampuni hawakuwahi kupata faida hata senti moja.

Mwaka 1895 serikali ikaichukua nchi, ikaanzisha mamlaka yake juu ya eneo ambalo leo ni Kenya. Kampuni ililipwa jumla ya pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka kwenye fedha za Zanzibar, zile zile ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa pwani ya kusini. Yaani Sultani aliuziwa pwani yake mwenyewe, kisha utawala wake ukakaa mikononi mwa Waingereza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilikuwa na daftari safi kabisa, na bado ilipotea.

Ulodi ulikuja kwa mrithi wa biashara. James Mackay, Mskoti wa Arbroath, aliajiriwa na Mackinnon Mackenzie Calcutta mwaka 1874, akapanda mpaka akawa mkuu wa BI, na mwaka 1914 akaiunganisha na kampuni kubwa ya P&O. Alifanywa lodi mwaka 1911, Lord Inchcape, na baadaye akapandishwa mpaka kuwa earl. Serikali ilimtumia kwenye kamati za kubana matumizi, Uingereza na India. Kwa Mackinnon utumishi wa umma ulikuwa kuanzisha. Kwa Inchcape ulikuwa kukata bajeti. Sisi wa kambini tunawajua wageni wa aina zote mbili.

Walioachwa nyuma

Kuna kundi moja ambalo nataka tulikumbuke kabla ya kumaliza. Stanley alipoondoka na Emin, askari wengi wa Emin, watu wa Sudan na familia zao, walibaki karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Lugard alikwenda kuwachukua, akawafanya askari wa Kampuni na kuwaweka kwenye ngome za magharibi ya Uganda. Kampuni ilipoondoka, wao hawakuwa na kwao pa kurudi. Serikali mpya iliwarithi pamoja na bunduki na mahema. Mwaka 1897, wamechoshwa na safari zisizoisha na mshahara mdogo uliochelewa, wakaasi.

Wengine wa askari hao wa Kisudani walihudumu Kenya na kupewa mahali pa kukaa nje ya Nairobi, penye msitu. Wao walipaita Kibra. Leo dunia inapajua kwa jina la Kibera. Wajukuu wao, Wanubi, walikaa miaka 100 na zaidi wakiulizwa kwao ni wapi, wakisumbuliwa kupata vitambulisho. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwapa hati ya pamoja ya ardhi ya ekari 288.

Msafara ule ulipangwa London ili kumwokoa mtu mmoja. Ukamwokoa. Karatasi za waliobaki zilichukua zaidi ya karne moja.

Tumpime vipi?

Siyo haki kumwita Mackinnon mnyang'anyi tu. Alitoa fedha zake nyingi na hazikurudi. Kampuni yake ililipa pale Rabai wakati ingeweza kuwatoa wale watu. Alikuwa mtu wa kanisa aliyeamini kwamba meli, biashara na Injili vingemaliza utumwa. Kuhusu Leopold, wengi wa Ulaya walidanganywa kama yeye, na mabaya ya mpira wa Kongo yalikuja kujulikana duniani baada ya kifo chake.

Lakini nia njema ya mtu haionyeshi kazi yake ilijengwaje. Mimi naona mambo matatu katika kazi ya Mackinnon. La kwanza, aliyesaidiwa hakuwa sehemu ya mkataba. Mkataba ulikuwa kati ya anayetoa na mkubwa mwingine. La pili, uamuzi wa kuanza na uamuzi wa kuacha ulitoka mahali pamoja, mbali, kwa kuangalia hesabu. La tatu, watu wa chini walijipanga upya kufuata ule mradi, wakahama, wakachagua upande, wakajiweka hatarini. Mradi ulipokwisha, mwenye mradi alipata hasara ya fedha, na wao walipata hasara ya maisha.

Ndugu zetu wa mashirika, hatuwalinganishi na Kampuni. Hamna bunduki ya Maxim, na wengi wenu mnalala mbali na watoto wenu kwa ajili yetu. Lakini mnapoleta mradi mpya, tuambieni siku ile ile fedha zitafika mpaka lini, na siku zikiisha nani atabaki na kisima, na darasa, na yule mama aliyeacha biashara yake ndogo ili awe mhamasishaji. Swali hilo si utovu wa shukrani. Mwanga angelipata jibu lake mwaka 1890, huenda asingesaini, au angesaini akiwa amejiandaa.

Na sisi wakaaji wa kambi tuna kazi yetu. Wapagazi wa msafara wa Stanley walibeba kila kitu, pamoja na sanduku la karatasi ambamo historia yao iliandikwa na mtu mwingine. Sisi tuna wino. Wazee wetu bado wanakumbuka Ruzizi ilivyovukwa kabla ya vizuizi, nani alioa wapi, soko lilikuwa siku gani, ng'ombe walipita njia ipi wakati wa kiangazi. Vijana mnaojua kuandika, kaeni nao jioni na daftari, muulize majina na miaka. Siku wakubwa wakikaa tena mezani na ramani, angalau kuwe na karatasi iliyotoka kwetu.